Shangazi, daftari la madeni ninalo. Shajara ya nini tena?

Shikamoo Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tandahimba, nina duka la vitenge, kanga, mashuka, vyombo na vikorokoro vingine vya nyumbani. Duka nalifanya na mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ndiye ninayepanda basi kwenda Kariakoo kufunga mzigo, yeye ndiye anayekaa kaunta.

Wewe ni mtu wa kusini, biashara ya huku unaijua. Oktoba minada ya korosho ikianza hela inatembea, mtu anaingia dukani anaonyesha kwa kidole, haulizi bei. Ikifika Machi mji umekauka, kila anayeingia anaanza na "dada, niandikie, mpaka msimu." Kwa hiyo mwaka mzima tunaula kwa miezi minne. Ukikosea mzigo wa Oktoba, umekosea mwaka.

Na mimi nilikosea. Msimu wa 2024/2025 bei ya korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo nikasema huu ndio wenyewe. Nikachukua mkopo, nikaongeza na hela ya mchezo, nikaleta mazulia makubwa ya manyoya, yale ya sebuleni, na seti za vyombo vya gharama. Watu hela walipata kweli, Shangazi. Lakini walinunua bati, walinunua pikipiki, walilipa madeni yao. Mazulia yangu waliyapapasa, wakayasifu, wakaondoka. Januari wazazi wakaja kuulizia mabegi ya shule na sare, sina hata moja, hela yote imelala kwenye mazulia. Mpaka leo karibu nusu yamo stoo, na mkopo ule nimeufunika kwa mkopo mwingine.

Kibaya zaidi ni ugomvi. Mimi nakumbuka vizuri kwamba mdogo wangu ndiye aliyeniambia watu wanaulizia mazulia. Yeye anaapa kwa Mungu kwamba alinikataza, alisema tulete mabegi. Tumefika mahali tukizungumza biashara lazima mmoja alie. Mama yetu ametukalisha chini haikusaidia, maana kila mmoja ana uhakika na lake.

Sasa juzijuzi nilihudhuria semina ya wajasiriamali Mtwara mjini. Mkufunzi, kijana mmoja msemaji kwelikweli, akatuambia siri ya matajiri wote duniani ni shajara. Tukauziwa vitabu vizuri vyenye kamba ya kufungia, tukaambiwa tuandike nusu saa kila alfajiri: ndoto zetu, mambo matatu ya kushukuru, na tunavyojisikia moyoni. Nikajaribu. Alfajiri mimi nina uji wa watoto, nina maji ya kujaza, baba yao anatafuta soksi. Nikishaandika "namshukuru Mungu kwa uzima" kalamu inagoma. Nikaacha. Kitabu chenyewe mwanangu mdogo anachorea magari.

Swali langu ni hili. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi daftari ninalo, la mauzo na la madeni. Hiyo shajara itaniongezea nini mtu wa duka, au ni mambo ya kwenye semina tu? Halafu kuandika ya moyoni kunanitia hofu. Mume wangu si mkorofi, ila huo mkopo wa pili haujui. Akikuta nimeandika? Na usiku silali, nahesabu marejesho gizani. Wenzangu wa semina wanasema eti shajara inatibu hata hilo.

Msimu unafunguliwa hivi karibuni, nakwenda tena Kariakoo, na safari hii naogopa.

Mama Duka, Tandahimba

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Huyo kijana amewauzia kitabu kizuri, ila maelekezo aliyowapa ni ya mtu anayeamshwa na jua na kuletewa chai. Achana na alfajiri. Achana na nusu saa. Kushukuru, shukuru kwenye sala, Mungu hadai risiti. Lakini shajara yenyewe usiitupe pamoja na mkufunzi, kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili na naona jambo moja limeishikilia yote: hakuna mtu katika familia yenu anayejua kwa uhakika kwa nini mazulia yale yalinunuliwa.

Daftari la mauzo litakwambia zulia la tarehe fulani liliuzwa kwa bei fulani. La madeni litakwambia nani hajalipa. Hayo endelea nayo vilevile na yasilegee, maana mtu wa mapato akija, au ukiingia kwenye kikundi cha kuomba ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, hayo ndiyo utakayoulizwa. Shajara hakuna ofisi itakayokudai. Ni ya kwako na mdogo wako, na kazi yake ni kushika mawazo mliyokuwa nayo siku mnatoa hela, kabla hamjajua mambo yataishaje.

Nasisitiza hilo la "kabla" kwa sababu ndilo lililowagombanisha.

Mwaka 1972 rais wa Marekani, Nixon, alisafiri kwenda China na baadaye Urusi ya wakati ule, safari ambazo dunia nzima ilizisubiri. Watafiti wawili waliokuwa Israeli, Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, waliwauliza wanafunzi kabla ya safari: unadhani kuna uwezekano wa asilimia ngapi atakutana na Mao, kiongozi wa China? Hili je, na lile? Kila mmoja akaandika makadirio yake. Safari zikaisha, na baada ya muda wanafunzi walewale wakaombwa wakumbuke waliandika nini. Yale waliyoamini yametokea, wakakumbuka kwamba waliyapa asilimia kubwa kuliko walizoandika kweli. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa 1975, na wengine wengi wamerudia jaribio la namna hiyo kwa mambo mengine wakakuta vilevile. Wale vijana hawakuwa waongo. Wakishajua mwisho wa habari, kichwa kiliingia kimyakimya kurekebisha mwanzo.

Sasa jitazame wewe na mdogo wako. Mwezi wa kwanza wazazi wamejaa dukani wanataka mabegi, yeye akawakosa. Tangu siku hiyo kichwa chake kinasikia sauti yake mwenyewe ya Oktoba ikisema "mabegi, mabegi." Wewe umekaa na deni la mazulia, na kichwa chako kinatafuta wa kugawana naye. Mimi sikuwepo, lakini nikilazimishwa kubahatisha nitasema aliyasema yote mawili. Siku moja alikwambia kuna mama kaulizia zulia. Siku nyingine akasema tusisahau mabegi. Wewe ukalichukua la kwanza, yeye akabaki na la pili. Nyote mnaapa, na nyote hamdanganyi. Mama yenu hawezi kuamua kesi ya namna hiyo hata akae nanyi mpaka Idi.

Peter Drucker, yule mzee wa Austria aliyehamia Marekani na kufundisha mambo ya uongozi wa biashara mpaka uzeeni, alikuwa na zoezi moja alilolifanya mwenyewe miaka mingi. Kila alipofanya uamuzi mkubwa aliandika anategemea nini kitokee, akaweka pembeni, na baada ya miezi tisa mpaka kumi na miwili alirudi kulinganisha. Ni hilo tu. Kwa duka la Tandahimba huna haja ya kuhesabu miezi tisa, korosho zenyewe zinakupa tarehe. Unaandika Oktoba, unafungua Februari.

Nunua kaunta buku la kwaya mbili, kile kitabu chenye kamba mwachie mtoto na magari yake. Siku unayopanga mzigo, mkiwa wote wawili, mwandike kitu kama hiki:

"Jumatano, 8 Oktoba. Wanasema mnada wa kwanza ni Ijumaa. Tuna milioni tatu, moja na nusu ni ya mkopo. Nataka mashuka pea dazeni sita na mabegi ya shule dazeni nne. Mabegi kwa sababu Januari iliyopita watu walitafuta tukawakosa. Mashuka nahisi tu, halafu Desemba hii mtaani kwetu kuna unyago nyingi. Mdogo wangu anasema mashuka dazeni nne yanatosha, hela inayobaki tulete madaftari. Tumekubaliana dazeni tano. Nategemea kufikia 30 Novemba mashuka yawe yameisha nusu. Yasipofika nusu tunashusha bei siku hiyohiyo, hatungoji sikukuu. Leo nimechoka, na nimetoka kugombana na mwenye nyumba kuhusu kodi ya fremu."

Hiyo haikuchukui dakika kumi, na angalia ilivyobeba mambo. Kuna "nahisi tu." Hilo ni neno zuri sana katika shajara ya mfanyabiashara, na watu wengi wanaliona aibu. Siku ya mazulia ungelazimika kuandika sababu, naamini ungeandika "bei ya korosho imepanda, watu watataka vitu vizuri," halafu ungeitazama hiyo sentensi ikiwa peke yake kwenye karatasi. Mkulima aliyepita misimu kadhaa ya bei mbovu, akipata hela nzuri mara moja, anaanza na zulia? Anaanza na paa linalovuja, na watu wanaomdai, pengine wewe mwenyewe ukiwamo. Huenda ungeleta mazulia bado. Lakini ungeleta manne ya kujaribia.

Kuna tarehe na kiwango cha kukubali kwamba umekosea. Hili ndilo ningekuomba usiliruke hata siku ukiwa na haraka. Duka letu la kusini lina ubaya wake: mali ikigoma Novemba, Desemba bado hela ipo mjini na ungeweza kuisukuma kwa bei ya chini. Ukisubiri Februari, hata ukiigawa nusu bei hakuna wa kuichukua. Wengi tunasubiri kwa sababu hatukujiwekea siku, kila wiki tunasema wiki ijayo.

Na kuna uchovu na mwenye nyumba. Hapo mkufunzi wako hakukosea kabisa, ya moyoni yana nafasi yake, ila yaingie kwa mlango wa biashara. Mstari mmoja. Ukija kusoma misimu miwili mitatu unaweza kukuta mzigo mkubwa mkubwa huwa unaufunga ukiwa na hasira, au ukiwa umetoka kuona duka la jirani limejaa. Mimi namjua mfanyabiashara mmoja wa Lindi aliyegundua kwamba kila alipokopesha ovyo ilikuwa siku ametoka msibani. Sasa akitoka msibani hakai kaunta, anamwachia kijana.

Kuhusu mdogo wako: maneno yake yaandikwe kwa namna anavyoyasema yeye, na kama hapendi kuandika, aseme wewe uandike, kisha umsomee. Akikataa jambo, kukataa kwake kuandikwe hata kama mwisho mmeenda na lako. Ila nakuonya, msije mkaligeuza daftari kuwa baraza la kata. Siku ukisimama mbele ya wateja na kufungua ukurasa ukisema "soma hapa, ulisema nini," atafunga mdomo moja kwa moja, na Oktoba itakayofuata atakwambia "wewe ndiye mkubwa, amua." Hapo utakuwa umempoteza mtu anayekaa kaunta siku nzima akisikia wateja wanaulizia nini. Ukurasa msome pamoja duka likishafungwa, muulizane tulijua nini siku ile, na nini hatukukiona.

Nije kwenye jambo ambalo hukuuliza, na kwangu lina hela kuliko yote.

Duka lako linaishi kwa kalenda ambayo haijachapwa popote. Tarehe ya mnada inatangazwa, lakini tarehe ya mnada siyo tarehe ya hela. Korosho zinauzwa ghalani, kisha malipo yapite chama kikuu cha ushirika, yapite chama cha msingi, yaani AMCOS, yaingie akaunti ya mkulima, na siku unayoona foleni nje ya benki ndiyo siku yako. Kati ya mnada na foleni hiyo zinapita siku ngapi? Kila mtu mjini ana jibu lake, na ni nani aliyeandika? Andika. "Leo foleni benki imefika barabarani." "Leo AMCOS ya kijiji fulani wamelipwa." "Mvua imepiga tangu usiku, hakuna mtu." Maneno matano yanatosha. Kwa misimu mitatu utakuwa na kitu ambacho mfanyabiashara mgeni anayekuja na mtaji mkubwa kutoka Dar es Salaam hana na hawezi kukinunua.

Wenye umri wangu tunakumbuka msimu wa 2018, au tunadhani tunakumbuka. Wanunuzi walitaja bei wakulima wakagoma, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaingia kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri. Lakini kulikuwa na uhakiki wa wakulima, na malipo ya wengine yakavuka mpaka 2019. Wenye maduka waliokopesha "mpaka malipo" walisubiri pamoja nao. Leo ukiwauliza, mmoja atakwambia alisubiri wiki kadhaa, mwingine atakwambia alikaribia kufunga duka, na wote wawili wanasema kwa hisia tu. Angekuwepo aliyeandika ni kijiji gani kililipwa lini na yeye alimudu vipi, msimu mwingine wa namna hiyo ukija angekuwa na pa kuanzia.

Barabara nayo iingie humo. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam kule Somanga, kuna waliokuwa na mzigo njiani na waliokuwa na stoo tupu. Ulilipa nauli kiasi gani ya mzigo? Ulipitia wapi? Nani alikupa mali kwa mkopo bila maneno mengi? Hayo ndiyo ya kuandika yakiwa ya moto.

Na madeni. Daftari lako linaonyesha jina, kiasi na "mpaka msimu." Kwenye shajara ongeza kwa nini ulimpa. "Nimempa kwa sababu mwaka jana alileta mwenyewe bila kukumbushwa." "Nimempa kwa sababu ni wifi wa rafiki yangu, nikaona haya." Ukifika Februari pitia walioshindwa kulipa. Sitakwambia utakachokuta, ila mimi ningeweka pesa yangu kwenye neno "haya." Ukishaliona mara kadhaa kwa mwandiko wako mwenyewe, kukataa kunakuwa kwepesi kidogo, au angalau utampa kitenge kimoja badala ya doti tatu.

Sasa usingizi. Wenzako wa semina wamesema nusu ya kweli. Kuna utafiti wa 2018 wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas: vijana 57 walilala maabara, nusu wakaandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya kufanya walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika tisa hivi. Dakika tisa si muujiza, na wale walikuwa vijana wazima wasio na marejesho ya kila wiki. Ila kuna jambo la kuchukua hapo: walioorodhesha kwa undani zaidi ndio waliowahi zaidi. Kwa hiyo usiku usiandike "deni linaniua." Andika "kesho saa nne nampigia afisa mkopo, naomba tarehe ya rejesho isogee mpaka baada ya mnada wa pili. Saa sita namfuata mwalimu wa zulia, amalizie elfu ishirini." Kisha funga. Ukijikuta usiku baada ya usiku unaandika lalamiko lilelile kwa maneno yaleyale, weka kalamu chini, karatasi imefika mwisho wa uwezo wake, hapo panahitajika mtu. Na ukikosa usingizi kwa wiki nyingi na mwili unadhoofu, nenda hospitali ukaseme, usione ni jambo dogo.

La mume wako nitalisema waziwazi kwa sababu umeniita shangazi. Unachoogopa si daftari. Kama angekuta orodha ya mashuka ungejali? Unaogopa mkopo wa pili, na mkopo huo hauhitaji shajara ili ujulikane. Siku watu wa mikopo watakapokuja kugonga mlango watamkuta yeye barazani, na hao sijawahi kuwasikia wakiongea taratibu. Mwambie wewe kabla hujapanda basi la Kariakoo. Mwambie ukiwa na karatasi mkononi yenye kiasi, tarehe na mpango wa kulipa, maana mwanamume akisikia deni bila mpango anasikia balaa, akisikia deni lenye tarehe anaanza kukuuliza maswali ya hesabu, na hapo umeshapona nusu. Shajara yenyewe ikae dukani, droo ya kaunta yenye kufuli. Mume ajue ipo na ni ya kazi. Namba za siri za simu na benki usiandike humo hata kwa mafumbo. Na yale yasiyohusu duka, ya wewe na yeye, tafuta karatasi nyingine au shoga wa kweli.

Kila siku? Hapana. Andika siku ya uamuzi, siku ya tukio, siku umekopesha kikubwa. Msimu ukipamba moto utaandika mara nyingi, Mei na Juni huenda wiki nzima ikapita patupu, na si dhambi. Ukikosa kalamu jirekodi kwenye simu ukiwa ndani ya basi, ukifika uhamishe yaliyo ya maana, kwa sababu sauti hakuna mtu anayerudi kuzisikiliza.

Kabla ya yote hayo, mazulia. Yasiingie msimu mpya yakiwa stoo. Mkulima wa sasa hivi hana hela, lakini walimu na wauguzi wana mshahara wa mwisho wa mwezi, na wenye gesti wanapenda kubadilisha vyumba kabla wanunuzi wa korosho hawajafika mjini. Wapigie hao kwanza, kwa awamu mbili, nusu mkononi nusu mwezi ujao. Yanayobaki tafuta mwenzako wa Masasi au Newala ayachukue kwa bei uliyonunulia, hata chini kidogo, ili hela iende kwenye mabegi. Kaeni na mdogo wako leo jioni, mfungue kaunta buku kwa ukurasa huo wa mazulia, na bei ya mwisho mliyo tayari kupokea muiandike kabla hamjampigia mtu simu, maana mnunuzi akianza kulia shida mtaisahau.

Shangazi